Taka Ndiyo Huchagua Boila

Chukua konzi moja ya makapi ya miwa yanapotoka kwenye kinu cha mwisho, uyafumbate kwa nguvu. Kiganja kinalowa. Kwa macho yanaonekana makavu, mepesi kama pamba iliyochakaa, lakini karibu nusu ya uzito wake ni maji. Makapi hayohayo yanaingia kwenye tanuri la kiwanda cha sukari, yanawaka, yanachemsha maji, mvuke unazungusha turbini (gurudumu la mapanga linaloendesha jenereta), na kiwanda kinapata umeme wake pamoja na joto la kupikia sukari bila kutegemea mafuta. Kila tani ya miwa iliyokamuliwa huacha kilo 250 hadi 300 za makapi, na kila kilo ya makapi hutoa takriban kilo mbili za mvuke. Kiwanda kilichopangwa vizuri hubaki na umeme wa ziada wa kuuza.

Mtu akishaona hivyo huuliza swali la haki kabisa: ikiwa mabaki yenye maji nusu kwa nusu yanaendesha kiwanda kizima, kwa nini marundo ya taka za mji yasiwashe taa za mji? Yanaweza. Yapo majiji yanayofanya hivyo kila siku. Ila pia ipo mitambo iliyojengwa kwa gharama kubwa ikakwama, kwa sababu waliojenga walianza na swali la boila ipi ni bora kabla ya kuuliza wanachoma nini. Boila ya taka haina ubora wa peke yake. Unyevu wa taka, majivu yake na chumvi zilizomo ndivyo vinavyoamua tanuri liweje, mabomba yakae wapi, mvuke upashwe hadi joto gani, na mwishowe umeme upatikane kiasi gani.

Chombo chenyewe

Boila ni chombo cha chuma kilichofungwa ambamo maji huchemshwa ili mvuke, ukikosa pa kutokea, ujenge presha. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hewani hujaza zaidi ya lita 1,600. Mtanuko huo ndio unaofanya kazi, na ndio pia unaoua. Machi 1905, katika mji wa Brockton huko Marekani, boila ya zamani iliyokuwa ya akiba ililipuka kwenye kiwanda cha viatu, na watu 58 wakafa. Maafa hayo yalichangia sana kuzaliwa kwa kanuni za usalama wa boila ambazo chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, ASME, kilizitoa miaka kumi baadaye. Ndiyo maana valvu ya usalama na kipimo cha kina cha maji havifanyiwi mzaha popote penye boila, iwe inakula mafuta mazito au maganda ya mpunga.

Kuna namna mbili za kukutanisha moto na maji. Katika ya kwanza, gesi za moto hupita ndani ya mabomba na maji yanayazunguka kwa nje. Boila hizi ni rahisi kutengeneza na hufaa kwa presha ndogo, tuseme hadi baa 20 hivi (baa moja ni karibu sawa na presha ya hewa inayotuzunguka), na kwa nishati isiyo na majivu mengi. Ukizipa moshi uliojaa vumbi, mabomba yanaziba kama koo lenye kamasi. Katika namna ya pili maji ndiyo yanayopita ndani ya mabomba, na moto uko nje; kuta zenyewe za tanuri huwa ni mabomba yaliyopangwa bega kwa bega yakaunganishwa kwa bati. Mitambo karibu yote mikubwa ya taka hufuata namna hii ya pili, kwa kuwa inahimili presha kubwa na inaacha nafasi pana ambamo majivu yanaweza kuanguka badala ya kujikusanya.

Hapo ndipo mfanano wa boila za taka unapoishia.

Maji hulipwa kabla ya moto

Kilo moja ya maji haigeuki mvuke bure. Inakula megajuli 2.4 hivi (megajuli ni kipimo cha nishati), na joto hilo linapotea kupitia dohani pamoja na moshi. Turudi kwenye makapi yetu. Kilo moja ina nusu kilo ya nyuzi, ambayo ikiwa kavu ingetoa karibu megajuli 8.7. Toa ada ya kukausha nusu kilo ya maji, zinabaki kama 7.5. Mafuta mazito hutoa 40 kwa kilo, makaa ya mawe mazuri 25, kuni kavu kabisa 18, maganda ya mpunga kama 13.

Mwenye hesabu atasema: basi tuyakaushe makapi kwanza. Tukiyashusha hadi unyevu wa asilimia 30, ile kilo ya mwanzo itatoa megajuli 8.2 badala ya 7.5. Ongezeko ni dogo, na wengi huishia hapo wakaona kukausha hakulipi. Wanachokosa kukiona ni kwamba faida kubwa iko kwenye ukali wa ndimi za moto. Nishati yenye maji mengi huwaka kwa moto mlegevu, joto la tanuri linashuka, sehemu ya nishati inatoka ikiwa masizi na gesi ambazo hazijaungua, na hewa ya ziada inayopulizwa ili kuusaidia moto nayo inaupoza. Moto mkali hufanya kazi ileile katika tanuri dogo zaidi na kwa moshi safi zaidi. Ukiwa na joto la moshi linalotupwa bure, litumie kukaushia.

Taka za majumbani ziko hatarini zaidi hapa. Pale ambapo sehemu kubwa ni mabaki ya chakula, maganda na majani, unyevu unaweza kupita nusu ya uzito, na juu yake kuna mchanga na udongo uliofagiwa pamoja navyo, ambao hauungui asilani. Mwongozo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1999 uliweka mstari: wastani wa mwaka usipungue megajuli 7 kwa kilo, na katika msimu wowote ule zisishuke chini ya 6. Chini ya hapo moto haujitegemei. Unalazimika kuongeza mafuta ili kuchoma taka, na sasa mtambo wa kuzalisha nishati umekuwa mlaji wa nishati.

Somo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Tanuri la kwanza la kuchomea taka za mji kwa utaratibu lilijengwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1874, na teknolojia hiyo ikasambaa nchini humo kwa sababu majivu ya majiko ya Waingereza yalikuwa na vipande vingi vya makaa ya mawe ambavyo havijaisha kuungua. Taka zilikuja na kuni zake. Kipindupindu kilipoua zaidi ya watu 8,600 mjini Hamburg, Ujerumani, mwaka 1892, na vitongoji jirani vikakataa kupokea taka za jiji, Hamburg ikajenga mtambo wa aina ya Kiingereza. Berlin nayo ilijaribu katika muongo huohuo, lakini huko majivu ya matofali ya makaa ya kahawia yalijaa kwenye taka na majaribio hayakufua dafu. Tanuri la ukoo mmoja, taka tofauti, matokeo tofauti.

Wavu unaotembea

Njia iliyoenea zaidi ya kuchoma taka mchanganyiko haihitaji kuzisaga wala kuzipembua sana. Kijiko kikubwa cha kreni huchota taka kutoka kwenye shimo na kuzimwaga kwenye mdomo wa tanuri, zinashuka juu ya wavu wa vyuma uliolazwa kwa mteremko. Vyuma hivyo husogea mbele na nyuma kwa zamu, taratibu, vikisukuma na kugeuza rundo. Safari ya kutoka juu hadi chini huchukua kama saa nzima.

Ukichungulia kwenye tundu la kioo kizito ubavuni mwa tanuri, unaona safari hiyo yote kwa mkupuo mmoja. Juu kabisa rundo ni jeusi na linafuka mvuke tu. Joto linalorudi kutoka kwenye paa la tanuri linalikausha. Chini kidogo gesi zinaanza kutoka na kushika moto, ndimi za rangi ya chungwa zinarukaruka juu ya rundo bila kuligusa, maana kinachowaka pale ni gesi. Katikati moto ni mweupe wa njano na hautazamiki kwa muda mrefu. Mwishoni yamebaki makaa yanayofifia, kisha majivu na vipande vya chuma na kioo vinavyotumbukia kwenye maji chini yake kwa mlio wa chwii.

Hewa huingizwa mara mbili. Ya kwanza hutoka chini ya wavu na kuwasha kilicho juu yake. Ya pili hupulizwa kwa kasi juu ya rundo ili kuzivuruga zile gesi, zichanganyike na oksijeni na kuungua zote. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka gesi za mwako zikae kwenye joto lisilopungua nyuzijoto 850 kwa sekunde 2 baada ya hewa ya mwisho kuingia. Kwa taka hatarishi zenye misombo ya klorini zaidi ya asilimia 1, joto linapanda hadi 1,100. Sekunde mbili zinaonekana chache, lakini kwa kasi ya moshi ule zinadai tanuri lenye urefu wa jengo la ghorofa. Ndiyo sababu boila ya taka huwa ndefu kuliko boila ya makaa ya mawe yenye nguvu sawa na hiyo.

Katika mitambo hii mtu ninayemheshimu kuliko wote ni mwendesha kreni. Kabla taka hazijafika motoni, yeye huziinua na kuzimwaga tena shimoni, huchanganya mzigo wa soko uliolowa na mzigo wa makaratasi ya ofisi, ili tanuri lipate chakula kinacholingana saa baada ya saa. Hakuna kompyuta ya kudhibiti hewa inayoweza kurekebisha kwa haraka kosa la kijiko kimoja cha maboga yaliyooza kikifuatwa na kijiko cha plastiki tupu. Nchini China, ambako taka za majumbani zimelowa sana, mitambo mingi huziacha shimoni kwa siku kadhaa hadi wiki ili zichuje maji kwanza. Hewa ya kuwashia moto nayo huvutwa kutoka juu ya shimo hilohilo, na kwa hila hiyo harufu haitoki nje bali inaenda kuunguzwa.

Chumvi, adui anayekaa juu ya bomba

Sasa tufike kwenye fumbo linalowatatiza wengi. Mtambo wa kisasa wa makaa ya mawe hugeuza asilimia 40 au zaidi ya joto lake kuwa umeme. Mtambo wa taka hupata 20 hadi 30 tu. Watu hudhani ni kwa sababu taka zina joto dogo. Sivyo. Moto wa taka ni mkali wa kutosha, unapita nyuzijoto 1,000. Kinachopunguza umeme ni hofu ya wahandisi kuupasha mvuke.

Turbini hutoa kazi nyingi zaidi kadiri mvuke unavyoingia ukiwa na joto kubwa. Kwa hiyo baada ya maji kuchemka, mvuke hupitishwa tena kwenye mabomba yaliyoning'inia ndani ya moshi wa moto ili ukolezwe. Kwenye makaa ya mawe hukolezwa hadi nyuzijoto 540, 600 na zaidi. Kwenye taka, desturi kwa miongo mingi imekuwa kusimama karibu na nyuzijoto 400 na presha ya baa 40.

Sababu ni klorini. Inatoka kwenye plastiki ya PVC, ile ya mabomba ya maji na nyaya za umeme, lakini pia inatoka kwenye chumvi ya mezani iliyomo katika kila mabaki ya chakula. Ndani ya moto, klorini hukutana na sodiamu na potasiamu, na pia zinki na risasi kutoka kwenye betri, rangi na vifaa vilivyotupwa. Zinazaliwa chumvi ambazo hupaa na moshi zikiwa gesi, kisha zinagusa bomba la mvuke, ambalo ni baridi zaidi kuliko moshi, na kuganda juu yake kama ukoga. Chumvi ya sodiamu peke yake huyeyuka kwenye nyuzijoto 801 na ya potasiamu kwenye 770. Zikichanganyika na chumvi za zinki, mchanganyiko unaweza kuwa majimaji hata chini ya nyuzijoto 300. Bomba la chuma sasa limevaa ngozi ya chumvi iliyoyeyuka.

Chini ya ngozi hiyo kinachotokea ni cha kutisha kwa unyenyekevu wake. Klorini inaungana na chuma cha bomba na kuzaa kloridi ya chuma. Kwa joto lile kloridi hiyo inapaa polepole kuelekea nje, ambako inakutana na oksijeni. Oksijeni inakinyakua chuma na kukigeuza kutu, na klorini inabaki huru. Haiondoki yote, sehemu yake inarudi ndani kuchukua chuma kingine. Kiasi kidogo cha klorini kinaweza kula chuma kingi, kwa kuwa chenyewe hakiishi. Na kila joto la bomba linapoongezeka, kazi hiyo inakwenda kasi zaidi.

Nimewahi kushika kipande cha bomba la kukolezea mvuke kilichokatwa wakati wa matengenezo. Upande uliokuwa umeupa moshi kisogo ulikuwa mnene kama ulivyotoka kiwandani. Upande uliotazama moshi ulikuwa mwembamba kama sarafu, na kwa nje kulikuwa na magamba yanayobanduka kwa kucha, ya kijivu juu na mekundu chini. Mvuke wa baa 40 ulikuwa unazuiliwa na chuma hicho.

Wahandisi wamekabiliana na hili kwa mbinu kadhaa, na ukizielewa unaelewa kwa nini boila ya taka ina umbo lake la ajabu. Kabla moshi haujafika kwenye mabomba ya kukoleza, unapitishwa kwenye vyumba viwili au vitatu virefu visivyo na kitu ndani ila kuta za maji. Humo unapoa hadi kwenye nyuzijoto 650 hivi, na chembe nyingi za majivu zinakauka na kuacha kunata. Kuta za tanuri zilizo karibu na moto hufunikwa kwa matofali ya kuhimili joto au hupakwa kwa kuchomelea aloi ya nikeli na kromiamu, ambayo klorini huitafuna kwa shida. Ukoga hung'olewa kwa nyundo zinazogonga mabomba kwa zamu, au kwa mvuke unaopulizwa, ingawa mvuke huo ukielekezwa vibaya unakwangua chuma chenyewe.

Wengine wamethubutu kupanda. Amsterdam ilifungua mwaka 2007 mtambo unaopasha mvuke hadi nyuzijoto 440 kwa presha ya baa 130, na mvuke ukishatumika kwenye hatua ya kwanza ya turbini unapashwa tena kwa mvuke mwingine wa boila, si kwa moshi. Kwa njia hiyo umeme unaobaki baada ya mtambo kujihudumia ukafika karibu asilimia 30 ya joto la taka bila kuongeza bomba linalonyonya chumvi. Ni ujanja ninaoupenda, maana haukushindana na kemia, uliizunguka.

Lahti, huko Ufini, walikwenda mbali zaidi mwaka 2012. Taka zilizopembuliwa hazichomwi moja kwa moja bali hupashwa joto katika hewa pungufu hadi zigeuke gesi. Gesi hiyo inapozwa hadi nyuzijoto 400 hivi. Kwa joto hilo chumvi zinaganda na kunaswa na vichujio wakati gesi yenyewe ingali gesi, na ndipo inapochomwa katika boila ya kawaida ya gesi. Mabomba hayaoni chumvi, kwa hiyo mvuke unakolezwa hadi nyuzijoto 540. Umeme ni megawati 50, na megawati 90 za joto zinakwenda kupasha nyumba. Lakini tafadhali lisome neno "zilizopembuliwa" mara mbili. Njia hii ya kugeuza taka kuwa gesi huuzwa kama dawa ya kila taka, na mitambo iliyoletewa taka mbichi za majumbani imesumbuka kwa lami inayoziba mabomba na gesi inayobadilika kila saa.

Kuna jibu jingine lisilohitaji ujasiri wowote: usihangaike sana na umeme. Tani moja ya taka zenye megajuli 10 kwa kilo hutoa uniti 500 hadi 600 za umeme, na joto lote linalosalia hutupwa mtoni au hewani. Joto hilohilo likiuzwa kama mvuke kwa kiwanda cha karatasi au cha nguo kilicho jirani, au kama maji moto kwa nyumba kama wafanyavyo Copenhagen, matumizi ya nishati yanaweza kuvuka asilimia 80. Mvuke wa nyuzijoto 200 hauzali kutu ya klorini kwa kasi ile. Kwa maoni yangu, mtambo wa taka usio na mteja wa mvuke karibu yake umepoteza nusu ya thamani yake kabla jiwe la msingi halijawekwa.

Mchanga unaochemka

Jaza sanduku kwa mchanga, toboa sakafu yake matundu mengi, kisha puliza hewa kutoka chini. Hewa ikifikia kasi fulani, mchanga unaacha kukaa kama mchanga. Unatokota, una mawimbi, kitu kizito kinazama na chepesi kinaelea. Upashe moto hadi nyuzijoto 850 na umepata tanuri la aina nyingine kabisa.

Uzuri wake uko katika hazina ya joto. Nishati ni asilimia chache tu ya uzito wa kilichomo; kilichobaki chote ni mchanga mwekundu wa moto. Magome ya mti yaliyolowa au tope la maji taka likidondoka humo linakauka na kushika moto papo hapo, na mchanga hauoni tofauti. Joto halipishani sana kati ya pembe na pembe. Chokaa ikimwagwa ndani inakamata salfa palepale. Hewa ikiongezwa kasi, mchanga wenyewe unapaa na moshi, unatenganishwa katika chombo cha kuuzungusha, na kurudishwa chini. Boila za namna hii ya mzunguko ndizo kubwa zaidi.

Gharama yake ni maandalizi. Taka lazima zikatwe vipande vidogo, nyaya na vyuma vitolewe, la sivyo vinajisokota kwenye matundu ya hewa. Na kuna tatizo la majivu ya mimea. Mafundi wa vioo wa kale walikuwa wakiyeyusha mchanga kwa kuuchanganya na majivu ya mimea, kwa kuwa potasiamu na sodiamu zilizomo hushusha joto la kuyeyuka. Ndani ya boila jambo lilelile hutokea bila kuombwa. Ukilisha mabua au majani yenye potasiamu nyingi, kila chembe ya mchanga inavaa utando wa kioo kinachonata, chembe zinashikana, mabonge yanakua, hewa inakosa njia, na siku moja mchanga wote unasimama. Kuutoa ni kazi ya nyundo. Dawa ni kuubadilisha mchanga mara kwa mara, kushusha joto, au kuchanganya mabua na kuni.

Maganda ya mpunga yana kisa chake. Takriban moja ya tano ya uzito wake hubaki kuwa majivu, na majivu hayo karibu yote ni silika, madini yaleyale ya mchanga, ngumu kama msasa. Hayayeyuki kirahisi, lakini yakikimbizwa na moshi yanasugua mabomba mpaka yanatoboka. Hapo boila huchaguliwa kwa kasi ndogo ya moshi na nafasi pana.

Nishati ya ajabu kuliko zote ni maji meusi ya viwanda vya karatasi, yaani dawa iliyopikia mbao pamoja na gundi ya mti iliyoyeyuka humo. Yanakaushwa hadi yabaki uji mzito, kisha yanapuliziwa tanurini. Gundi inawaka na kutoa mvuke. Dawa inayeyuka na kutiririka chini kama uji wa moto ili itumike tena. Hatari yake ni moja: bomba la maji likivuja juu ya uji huo, mlipuko unaweza kulipasua jengo. Waendeshaji wa boila hizo hufundishwa kukimbia kwanza na kuimwaga boila maji kutoka mbali.

Kinachotoka

Moshi ukishamaliza kutoa joto bado haujawa salama. Dayoksini, sumu zilizoipa mitambo ya zamani jina baya, huvunjika kwenye moto mkali lakini zinaweza kuundwa upya moshi unapopita taratibu kati ya nyuzijoto 450 na 250 ukiwa na vumbi lenye kaboni na shaba. Kwa hiyo sehemu hiyo ya safari hufupishwa. Kisha chokaa hupulizwa ili kumeza asidi, unga wa mkaa wenye vinyweleo unanasa zebaki na dayoksini zilizobaki, na vyote vinakamatwa kwenye mifuko mirefu ya kitambaa. Kiwango cha Ulaya cha dayoksini ni nanogramu 0.1 (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu) kwa kila mita ya ujazo ya moshi. Kinaweza kufikiwa, na kinafikiwa, ila vifaa vya kusafishia vinaweza kugharimu karibu sawa na boila yenyewe. Ofa ya bei rahisi sana mara nyingi imeviacha.

Majivu ya chini, ambayo kwa taka za mji ni kama robo ya uzito, yakitolewa vyuma yanaweza kutumika kwenye barabara. Vumbi la kwenye mifuko ni taka hatarishi na huzikwa kwa utaratibu wake. Na kwa wenye viwanda vidogo wanaochoma mabaki ya mbao, naomba jambo moja: mbao zilizowekwa dawa ya kuzuia mchwa yenye shaba, kromiamu na aseniki zisiingie kabisa kwenye boila ya kawaida. Sehemu ya aseniki hutoka na moshi, na inayobaki iko kwenye majivu ambayo mtu atayazoa kwa mikono.

Anayefikiria mradi wa namna hii aanze na turubai na mizani. Mwaga mzigo wa taka juu ya turubai, uchanganye kwa koleo, ulundike kama pia, uugawe robo nne, utupe robo mbili zinazotazamana, uchanganye zilizobaki, na urudie hadi zibaki kilo chache. Zipime. Zikaushe kwenye oveni ya nyuzijoto 105 mpaka uzito ukome kushuka: kilichopungua ni maji. Sampuli ndogo ya kilichobaki iunguzwe maabara kwenye nyuzijoto 550, na kinachosalia ni majivu. Omba wakupimie pia klorini na thamani ya joto. Rudia kwa magari tofauti, siku za soko na siku za kawaida, kisha rudia tena mvua zikishika, kabla hujamwandikia muuza boila hata mmoja.